Lenzi ya mnara wa Michigan Island: ibaki Bayfield au irudishwe kisiwani?

Mtoa mada: Wakuu, mnara wa taa ya kuongoza meli, wa mawe, wa Michigan Island, Ziwa Superior, jimbo la Wisconsin, Marekani, ulijengwa 1857 mahali pasipo pake. Taa ilitakiwa Long Island, iongoze vyombo kuingia mji wa La Pointe. Ikawaka msimu mmoja, ikazimwa, mwingine ukajengwa Long Island. Mwaka 1869 ndipo ukawashwa tena, safari hii kwa lenzi ya Fresnel (lenzi ya vioo vingi inayokusanya mwanga wa taa uende mbali) ya daraja la 3½, yaani kipimo cha ukubwa wake. Leo lenzi hiyo imewekwa kwenye kituo cha wageni cha hifadhi ya Visiwa vya Apostle, mjini Bayfield. Mimi nasema irudi. Mnara usio na lenzi ni bomba lenye ngazi tu.

Fundi Vioo: Taratibu, mkuu. Lenzi hiyo si kipande kimoja. Ni miche (prizimu) ya kioo iliyopangwa ndani ya fremu za shaba nyeupe na kushikizwa kwa puti (gundi ya kushikiza vioo) ya zamani yenye madini ya risasi. Puti hiyo ikikauka hupasuka, mche ukalegea, ukaanza kugonga shaba na kumeguka pembeni. Kinachoikausha ni jua na mabadiliko ya joto, na huko juu vyote viwili vipo: kiangazi chumba cha taa ni tanuri, kipupwe ni barafu. Na msisahau, lenzi hukusanya mwanga kutoka pande zote mbili. Jua la mchana likipita humo laweza kuunguza kilicho katikati.

Mtoa mada: Mbona Devils Island, visiwa hivyo hivyo vya Apostle, waliweza? Walinzi wa Pwani waliishusha lenzi 1989, ikarudishwa mnarani 1992.

Fundi Vioo: Kweli, na sipingi kwamba inawezekana. Lakini hesabu kazi. Kila fremu ipigwe picha na kupewa namba kabla ya kulegeza skrubu. Ifungwe kwenye sanduku lake, isimame wima, isilazwe, maana uzito wa kioo utaielemea puti. Glavu za pamba muda wote, jasho hula shaba. Vioo vya nje viwekewe karatasi ya kuzuia miale ya jua, matundu ya hewa yazibuliwe la sivyo unyevu utatuama. Kusafisha ni kitambaa laini na maji yenye sabuni kidogo, amonia marufuku.

Mdau wa Ziwa: Hayo yote yanafanyika. Tatizo ni mtu. Zamani mtunza taa alishusha mapazia kila asubuhi, akayafungua jioni. Sasa kipupwe ziwa likiganda, nani atapanda? Lenzi inamdai mtunzaji kabla ya kudai mnara.

Mtoa mada: Basi iwekwe nakala ya akriliki (plastiki angavu), ile halisi ibaki Bayfield.

Mdau wa Ziwa: Hapo nakubali nusu. Lakini nakala iende mnara upi? Mwaka 1929 lenzi iliondolewa kwenye mnara wa mawe, wa futi 64, ikapandishwa kwenye ule wa chuma wa futi 112, uliobomolewa Schooner Ledge, Pennsylvania, na kuunganishwa upya kisiwani. Wa mawe ulikaa nayo miaka 60. Ule wa chuma ndio wa mwisho kuitumia, na ndio mrefu.

Mtoa mada: Wa mawe.

Fundi Vioo: Wa mawe, ila mpime kwanza chumba cha taa. Nusu kipenyo cha ndani cha lenzi ya daraja hilo ni milimita 375. Ongeza unene wa kioo, fremu, na nafasi ya mtu kuzunguka na kitambaa mkononi.