Mrejesho: Kihamba cha Marangu, ng'ombe na ile kaliandra

Wakuu, shikamooni na asanteni sana. Mwaka juzi niliuliza hapa nifanyeje na kihamba cha marehemu baba, yaani shamba letu la nyumbani la migomba na kahawa huku Kilimanjaro: migomba imedumaa, ng'ombe mmoja anakosa majani kila kiangazi, na nilitaka kukata miruka yote, ile miti mikubwa ya kivuli, niuze mbao. Mlinikataza kwa ukali. Nimeiacha, nikapogoa matawi tu ili kahawa ipate mwanga.

Kaliandra, kile kichaka cha malisho, nilipanda mpakani, mche kila nusu mita. Mwaka wa kwanza sikuigusa. Sasa naikata kwenye usawa wa kama mita moja, inachipua tena. Yule aliyeniambia kilo tatu za majani mabichi zinashika nafasi ya kilo moja ya chakula cha dukani, Mungu ambariki! Ng'ombe nampa yakiwa mabichi, yakinyauka hayamfai sawasawa, na nayachanganya na majani ya tembo na magome ya migomba. Kiangazi hiki sikushuka tambarare kutafuta mabua.

Lakini kilichonigusa zaidi ni samadi. Zamani mkojo ulipotelea kwenye udongo wa banda. Nilisakafia, nikachimba mfereji hadi shimoni, na shimo nimeliezeka lisichomwe na jua. Migomba iliyopata mbolea hiyo imenenepa shina, na magimbi chini yake yamestawi.

Kahawa bado. Miti imezeeka, nitaanza kuikata visiki baada ya mavuno. Aliyewahi kufanya hivyo, alibakisha machipukizi mangapi kwa kisiki?