Naomba ushauri: hisabati na sayansi kwa binti anayelenga Annapolis

Ndugu zangu, salaam. Tunaishi Texas, na binti yangu, ambaye ni raia wa Marekani kwa kuzaliwa, yuko darasa la kumi. Ameazimia kuomba nafasi katika Chuo cha Jeshi la Wanamaji la Marekani kilichopo Annapolis, ambako ada hailipwi kwa fedha bali kwa kulitumikia jeshi miaka isiyopungua 5 baada ya kuhitimu.

Chuo hicho kinapendekeza miaka 4 ya hisabati yenye msingi imara wa aljebra, jiometri na trigonometria, pamoja na mwaka mmoja wa kemia na mwaka mmoja wa fizikia, yote mawili yakiwa na maabara. Fomu ya masomo ya mwaka ujao iko mezani tangu Jumatatu, na kisanduku cha fizikia kimefutwa kwa raba hadi karatasi inakaribia kutoboka, kwa sababu kipindi chake kinagongana na cha maandalizi ya kalkulasi. Mshauri wa shule anasema achukue fizikia na takwimu, eti mzigo utakuwa mwepesi. Mimi nasita, kwa kuwa mwaka wa kwanza kule huanza na kalkulasi na kemia bila kusubiri mtu.

Mliowapitisha watoto njia hii, je, fizikia isogezwe darasa la kumi na mbili, ilhali uteuzi wa seneta au mbunge, ambao mwombaji wa chuo hicho huuhitaji, huombwa mapema, au hisabati isomwe likizo ya kiangazi katika chuo cha jamii (community college)?