Naomba ushauri: ruzuku ya kuwafundishia wanafunzi mtoni, Lindi

Mwalimu_wa_Bondeni
Habari za jioni wanajukwaa. Wakubwa, shikamooni.

Mimi ni mwalimu wa Jiografia, sekondari ya kata, mkoa wa Lindi, bonde la mto Lukuledi. Kutoka darasani hadi mtoni ni mwendo wa dakika kumi na tano. Mwaka huu nikifundisha mada ya maji kidato cha pili niliuliza maji ya mto yanatoka wapi. Wakanijibu kama kitabu kinavyosema: mvua, chemchemi, milima. Nikauliza tena, haya yetu je, mnayoteka asubuhi kwenye visima vya mchangani? Kimya. Watoto wameteka maji yale tangu wana miaka saba, na hawakujua kwamba mto unatoka upande wa Masasi, unapita kati ya uwanda wa Makonde na Rondo, ukaingia baharini pale Lindi mjini. Mmoja akasema, "Mwalimu, mimi nilidhani unaishia darajani."

Jibu lile limenikaa rohoni. Nimeandaa mpango wa mwaka mzima. Wanafunzi 40, vituo vitatu mtoni, kila mwezi wanapima kina, tope, joto na pH (uchachu wa maji), wanahesabu wadudu wa majini, na shuleni wanasoma kipima mvua kila asubuhi. Mwisho wa mwaka wanachagua jambo moja la kufanya kutokana na walichokiona. Bajeti yangu ni kama milioni 9. Nimepata tangazo la ruzuku ya elimu ya mazingira, na zimebaki wiki tatu dirisha lifungwe.

Nimekwama, sina pa kushika. Mfadhili anataka mwombaji awe asasi iliyosajiliwa, shule haiombi moja kwa moja. Asasi moja ya mjini imekubali kutubeba, lakini inataka asilimia 30 na vifaa vyote vibaki ofisini kwao. Mkuu wangu wa shule naye anasema kama pesa ipo, ijenge matundu ya vyoo, na siwezi kumbishia kwamba vyoo havitoshi. Kubwa kuliko yote, pale tutakapopimia wazazi wa wanafunzi wangu wanalima bustani hadi ukingoni, ndani ya zile mita 60 kutoka mtoni ambazo sheria inakataza. Siku ya majaribio binti mmoja alipima mita 60 kwa kamba, akaikunja, akaniambia taratibu, "Hapa ndani ni kwa baba." Sikuwa na la kumjibu.

Mliowahi kupita njia hii, nisaidieni.

Kijana_wa_Mchinga
Mkuu hongera sana. Marekani kuna mfuko unaitwa B-WET, upo chini ya NOAA, wale wa bahari na hali ya hewa. Umekuwa ukitoa ruzuku kwa kitu hikihiki, wanafunzi kujifunza kwenye mito na ghuba zao. Kwa nini usiombe huko? Pesa yao ni kubwa.

Dada_Mikindani
Kijana, nia yako njema, ila Mwalimu asipoteze wiki zake tatu huko. B-WET ni ya shule na taasisi za Marekani, imegawanywa kwa kanda zao wenyewe. Ilianza 2002 kwenye ghuba ya Chesapeake, ikaenea California, Hawaii, Maziwa Makuu ya kwao na kwingineko. Pesa yao haitufikii. Njia yao ya kufundisha ndiyo ya kuchukua, na hiyo hailipiwi.

Wanachotaka kwa kila mradi ni mambo manne yanayofuatana. Wanafunzi waanze na swali linalohusu mahali pao. Watoke nje wakakusanye ushahidi kwa mikono yao. Warudi wakae na takwimu, wabishane, wafikie hitimisho lao. Halafu wachukue hatua. Safari ya siku moja ya kupanda basi, kupiga picha na kurudi haihesabiwi. Mwalimu, mpango wako tayari una hayo yote, unachokosa ni swali. "Kupima ubora wa maji" ni shughuli, halijawa swali. "Kwa nini maji ya darajani yanakuwa na tope kuliko ya juu ya bustani baada ya mvua ya kwanza?" hilo ni swali. Andiko lako lianzie hapo, na yule mtoto wa darajani awe kwenye aya ya kwanza, kama ulivyotusimulia sisi.

Kuhusu vifaa, usitishwe na bei za maabara. Tope unalipima kwa mrija mrefu wa plastiki unaoona ndani, chini umechorwa msalaba mweusi. Mimina maji kidogokidogo hadi msalaba upotee, soma kina kwa rula. Kwa wadudu kuna njia ya Afrika Kusini inaitwa miniSASS, wadudu wamegawanywa makundi 13 na kila kundi lina alama yake. Alama zile zilipangwa kwa mito ya kwao, na hazifai maji ya mlangoni mwa bahari, kwa hiyo watoto wazitumie kulinganisha kituo na kituo, wasitangaze kijijini kwamba mto umekufa.

Mhasibu_Mstaafu
Mwalimu, marahaba. Niliwahi kushika vitabu vya halmashauri, nitasema la pesa tu.

Asilimia 30 usikubali kabla hujasoma mwongozo wa mfadhili. Wengi wanaandika wazi gharama za uendeshaji zisizidi kiasi gani, na mara nyingi kiasi hicho ni kidogo kuliko unachoombwa. Mwongozo ukisema 10, waonyeshe ukurasa, maneno yataisha bila ugomvi. Vifaa viandikwe kwenye makubaliano kwamba ni mali ya shule na viingie kwenye daftari la mali siku vinapopokelewa. Makubaliano ya mdomo usiyategemee hata kama ni ya rafiki.

Kuna njia nyingine: kikundi cha jamii. Wazazi, walimu na wazee wa kijiji wakijisajili halmashauri kupitia Maendeleo ya Jamii, mnakuwa na katiba yenu na akaunti yenu. Kwa wiki tatu inaweza isiwahi, lakini kwa dirisha lijalo mtasimama kwa miguu yenu.

Na pesa ikipitia akaunti ya shule, ujue itasomwa kwenye FFARS, ule mfumo wa hesabu za shule na zahanati, iwe kwenye mpango na bajeti ya shule, bodi ya shule iwe imepitisha kwa muhtasari, na ununuzi ufuate taratibu, mfumo wa serikali wa ununuzi mtandaoni, NeST, ukiwemo. Usiponunua kwa utaratibu, hata buti za mpira zitakuwa hoja ya ukaguzi. Nimewaona walimu waadilifu wakihangaika na hoja kwa sababu ya risiti tatu tu.

Nesi_Nachingwea
Nimesoma mpango wote sijaona neno kichocho. Mwalimu, tafadhali sana.

Ukanda wetu huu una kichocho cha mkojo. Vijidudu vinatoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi, na vinatoka kwa wingi jua likiwa limepanda, kuelekea mchana. Saa hizohizo ndizo shule nyingi zinapenda kupeleka watoto mtoni. Ukiwasimamisha wanafunzi 40 kwenye maji yaliyotuama, magoti ndani, wanahesabu wadudu, umewapeleka kuugua.

Nenda asubuhi mapema. Maji yatekwe kwa ndoo yenye kamba, mkiwa ukingoni. Wadudu wapekuliwe kwenye beseni jeupe juu ya nchi kavu. Wanaolazimika kukanyaga maji wavae buti, na mikono iwe na glavu ndefu. Ongea na zahanati yenu kabla ya kuanza, dawa ya praziquantel ipo kwenye mpango wa serikali wa shule. Waulize wavuvi habari za mamba, hao ndio wanaojua, na sehemu wasiyoingia wao usimwingize mtoto wa mtu. Fomu ya ridhaa ya mzazi iseme haya waziwazi.

Halafu geuza hatari hii iwe somo. Konokono wakihesabiwa kila mwezi kwenye kila kituo, hapo una takwimu ambazo hata zahanati itazihitaji.

Mwalimu_wa_Bondeni
Nesi, nimesoma ujumbe wako mara tatu. Siku ya majaribio niliwaingiza kumi na wawili majini saa tano asubuhi. Nilijua kichocho kipo, nafundisha hata ramani yake, na bado sikukumbuka. Kesho naenda zahanati, nao nitawapeleka wapimwe.

Mhasibu, ahsante. Mwongozo unasema 12. Nitawaonyesha.

Mtu_wa_Newala
Sisi huku juu hatuna hata mto wa kupeleka watoto. Uwanda wa Makonde maji yanazama chini, tunasukumiwa kutoka Mitema kule Kitangari. Lakini hata sisi tuko kwenye dakio la mtu, mvua yetu inakwenda kuwa maji ya mwingine. Mwalimu ukifanikiwa, tuandikie ulivyofanya. Kwetu nafikiria tuanze na paa la shule na makorongo yanayokula barabara kila masika.

Andiko_Kwanza
Nimekaa kwenye kamati za kuchambua maandiko, nitasema nilichojifunza.

Mkuu wako wa shule si adui wa mradi. Mfuko wa elimu ya mazingira haujengi vyoo, na mkichanganya mtakosa vyote viwili. Mwambie hivyo kwa heshima, kisha mpe sehemu yake: vyoo vilivyo karibu na mto ni habari ya maji pia. Wanafunzi wapime umbali wa vyoo hadi visima vya mchangani, wachore ramani. Ramani hiyo ataipeleka halmashauri kuombea matundu yake. Atasaini barua yako siku hiyohiyo.

Barua ya pili itafute Bodi ya Maji Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini, makao yao yapo Mtwara. Lukuledi iko chini yao. Waombe mtaalamu aje mara mbili kwa mwaka na waone kama wana takwimu za nyuma za kina cha mto. Waambie watoto watawasilisha matokeo Wiki ya Maji, 16 hadi 22 Machi. Barua ya bodi ya bonde inambadilisha mchambuzi anavyokusoma.

Ratiba nayo. Kwetu mvua inaanza Novemba au Desemba na kuisha Aprili au Mei, na korosho inavunwa kabla mvua haijakolea. Ukianza kupima Januari, umepoteza kiangazi, huna cha kulinganisha. Anza Septemba, mto ukiwa mwembamba. Andika pia kwamba Oktoba utapima Jumamosi asubuhi tu kwa sababu watoto wako mashambani kuokota korosho, na likizo utaheshimu jando na unyago. Mchambuzi akikuta hayo anajua huyu anawajua watu wake.

Dirisha hili likipita, usikae. Mpango wa Ruzuku Ndogo wa GEF, Mfuko wa Mazingira wa Dunia, unasimamiwa na UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, upo tangu 1992, unatoa kwa asasi na vikundi vya jamii, na kwa miaka mingi kikomo kilikuwa dola 50,000 kwa mradi. Wanataka mchango wenu, ila saa za walimu, nguvu za wazazi na chumba cha darasa vinahesabika. Upo pia Mfuko wa Misitu Tanzania, uliotokana na Sheria ya Misitu ya 2002. Huko utaingia ukionyesha upande wa miti na vyanzo vya maji. Na posho za walimu ziondoe kwenye bajeti, weka nauli na chakula cha watoto.

Baba_Bustani
Nimesoma yote, nimeonyeshwa na mwanangu. Mimi nalima bondeni Lukuledi. Si lazima niwe baba wa yule binti, lakini ningeweza kuwa.

Mwalimu, sheria ya mita 60 tunaijua. Ni ya mazingira ya 2004, tumesomewa mkutanoni. Lakini Septemba huku juu ardhi imekauka kama tofali, unyevu uko kule chini tu. Mchicha na bamia za pale ndizo zinanunua daftari za watoto unaowafundisha. Ukija na watoto wetu na kamba, tunaona mmekuja kutuandika majina. Na mtoto atakayemwandika baba yake jina, usiku atalala wapi?

Kingo zinabomoka, hilo hata mimi naliona. Matuta matatu yamekwenda na maji tangu nianze kulima pale. Ungetuita kabla ya kupima tungekuonyesha palipokuwa na mikuyu na nani alikata.

Mwalimu_wa_Bondeni
Shikamoo mzee wangu. Umenijibu swali ambalo nilimwachia binti yule alibebe peke yake. Naomba radhi.

Nimekaa usiku kucha na andiko. Swali la mradi sasa ni hili: ukingo wa Lukuledi umesogea kiasi gani, na udongo unakwenda wapi mvua ikinyesha? Vigingi vitapigwa ukingoni, na kila mwezi watoto na wakulima watapima pamoja umbali kutoka kigingi hadi maji. Majina ya mashamba hayataandikwa popote, vituo vitakuwa na namba. Wazee wanaokumbuka mikuyu watahojiwa na wanafunzi na watalipwa nauli kama wataalamu wengine. Hatua ya mwisho wataamua wenyewe kwa wenyewe, wakulima na watoto, iwe mabingobingo ukingoni, iwe mikuyu, iwe kurudisha matuta nyuma kidogokidogo. Nimetenga shilingi laki nane kwa hilo bila kutaja itakuwa hatua ipi.

Buti nimepunguza hadi jozi 15, nimeongeza ndoo, kamba, mabeseni na glavu. Asasi imekubali 12, vifaa ni vya shule, imeandikwa. Mkuu amesaini. Barua ya Mtwara bado naisubiri. Wale kumi na wawili wamepimwa, wawili wamekutwa nacho na wamepewa dawa.

Mzee, ruzuku itoke isitoke, Jumamosi naomba tuje wachache tu, wanane, tupige vigingi vya kwanza. Utaturuhusu?

Baba_Bustani
Marahaba mwanangu. Njooni kabla ya saa moja na nusu, kama yule nesi alivyosema. Ukingo pale ni mkali, watoto watateleza. Ijumaa jioni nitawakatia ngazi kwa jembe hadi mnapotekea. Vigingi msinunue, nina mikorosho mizee niliyoiangusha.