Mjumbe wa Marekani kwenye mazungumzo ya tabianchi hana mfuko, tuache kumpigia makofi

Wakuu, hili linaudhi. Mjumbe wa Marekani akisema "tutatoa", magazeti yetu kesho yake yanaandika "Marekani yatoa". Tangu lini ahadi ikawa fedha?

Mjumbe maalumu wa tabianchi alikuwa mteule wa rais. John Kerry alishika nafasi hiyo mwaka 2021 bila kuthibitishwa na Seneti. Alijadiliana na mawaziri wa nchi nyingine hadi usiku wa manane, lakini hakuweza kuidhinisha hata dola moja. Fedha hupitishwa na Bunge la Congress, mwaka kwa mwaka, na mwaka wao wa fedha huanza Oktoba 1.

Tena ahadi akiitoa rais mwenyewe hali ni ile ile. Mwaka 2014 Obama aliahidi dola bilioni 3 kwa Mfuko wa Kijani wa Tabianchi, mfuko wa kimataifa unaogharamia miradi ya tabianchi katika nchi zinazoendelea. Hadi anaondoka Januari 2017 ilikuwa imelipwa bilioni 1. Trump akafunga bomba. Bilioni ya pili ililipwa 2023, zaidi ya miaka minane baadaye! Desemba mwaka huo huo, kwenye mkutano wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa kule Dubai, Makamu wa Rais Harris akatangaza bilioni 3 nyingine huku bilioni 1 ya zamani ikiwa bado deni. Mwaka 2025 Trump akafuta zote, bilioni 4. Nani wa kumdai? Kerry alishaondoka 2024.

Kwenye mfuko wa hasara na uharibifu, ule wa kusaidia nchi zinazoendelea zilizoumizwa na majanga ya tabianchi, taifa lililomwaga hewa ukaa kuliko lote katika historia liliahidi dola milioni 17.5. Ni aibu.

Madhara yake ni haya: bodi ya Mfuko wa Kijani hupitisha miradi kulingana na fedha na hati za malipo zilizokwishakabidhiwa. Ahadi haihesabiwi. Kwa hiyo andiko la mradi wa maji au mikoko linaweza kukamilika kila kipengele na bado likasubiri foleni.

Kwa kuwa Tanzania imepokea kutoka Kenya uenyekiti wa kundi la Afrika la majadiliano ya tabianchi kwa 2025 na 2026, wanahabari wetu waache kuuliza "mmeahidi kiasi gani". Waulize: mkataba wa mchango umesainiwa? Fedha ziko kwenye bajeti ya mwaka gani, na Congress imeshazipitisha? Ni ruzuku au mkopo? Ni mpya, au ni msaada wa zamani uliobadilishwa jina? Mjumbe akishindwa kujibu, kichwa cha habari kiandikwe hivyo: ameahidi, hajatoa.