Naomba ushauri: maonyesho yetu ya kwanza Dar, tuuze kazi kwa bei gani?

Wakuu, habari za leo. Tupo watano, tumemaliza sanaa za ufundi chuo cha sanaa TaSUBa, Bagamoyo, mwaka jana. Michoro 23 na vinyago vichache vimejazana chumbani kwangu Sinza, mama mwenye nyumba ameshaanza kuguna. Tunafikiria kuomba nafasi kituo cha wasanii cha Nafasi Art Space pale Mikocheni, au kituo cha utamaduni wa Kifaransa, Alliance Française, Upanga. Sehemu nyingine tuliyoulizia wanataka asilimia 40 ya kila kazi itakayouzwa, na fremu tugharamie wenyewe. Hiyo ni kawaida kweli?

Kinachonitesa zaidi ni bei. Mchoro wa rangi za mafuta, upana mita moja, jina la msanii halijulikani: mtu unaanzia wapi? Mwenzangu kaandika laki nane, mimi hata laki mbili naona aibu kuitaja. Mliowahi kuonyesha kazi zenu, nisaidieni.