Mkataba wa nyumba ya benki hauhamishiki: kuuza kampuni (LLC) badala yake ni akili au ulaghai?

Mleta mada

Wakuu, hasa mlioko Houston na Dallas, amueni hili maana Jumapili nusura mimi na shemeji tususiane pilau.

Benki ya hapa Marekani ikichukua nyumba ya mtu aliyeshindwa mkopo, na mnada ukakosa mteja, nyumba inabaki kwake. Ukipeleka ofa ikakubaliwa, unaletewa kiambatisho chao, makurasa kibao, na humo ndani kuna sentensi moja: mnunuzi haruhusiwi kumhamishia mtu mwingine mkataba huu. Kwa mwenye nyumba wa kawaida ungesaini $90,000, ukampata mtu wa $98,000, ukamwachia mkataba na kutia $8,000 mfukoni bila hata kushika ufunguo. Kwa benki mlango huo una kufuli.

Sasa shemeji anapitia dirishani. Anafungua LLC mpya, ofa inaandikwa kwa jina la LLC. Mteja akipatikana hamuuzii mkataba, anamuuzia kampuni yote. Kwenye karatasi mnunuzi ni yuleyule. Ameshafanya mara mbili, sasa yuko kwenye ya tatu, na kila LLC anaipa namba ya nyumba na jina la mtaa kwa sababu haiishi zaidi ya mwezi.

Mimi nasema huo ni uongo uliovaa tai. Benki imeuliza nani ananunua, wewe umeipa jina la kopo tupu.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, yaani leo unaililia benki? Benki ina mawakili kuliko sisi tuna ndugu. Ingetaka, ingeandika kwamba hata umiliki wa kampuni usibadilike kabla ya kufunga, yaani siku ya kulipa na kupewa hati. Wapo wanaoandika. Asiyeandika asilalamike, na bei aliyoikubali anailipwa yote.

Ile njia ambayo wengine huiita safi, ya kununua kweli asubuhi na kuuza mchana, wanaonufaika ni wakopeshaji wa siku moja na kampuni zinazosimamia hati za umiliki, maana gharama za kufunga zinalipwa mara mbili. Sisi Texas angalau hatuna kodi ya kuhamisha mali. Pennsylvania kwa kawaida ni 2%, moja ya jimbo na moja ya mji na shule, kila hati inapobadili mikono. Piga mara mbili uone kinachobaki.

Na kisheria, Texas tangu 2017 unaruhusiwa kuuza haki yako ya mkataba bila leseni ya udalali, ili mradi umwambie mteja wazi kwamba unauza hiyo haki, si nyumba. Illinois ndio wakali: ukizidisha dili moja ndani ya miezi 12, katafute leseni.

Mchangiaji wa pili

Wote mnamsahau anayekuja kulala humo ndani. Mwenye mkopo wa FHA, ule unaodhaminiwa na serikali, kwa kawaida haruhusiwi kununua kwa muuzaji ambaye hajamaliza siku 90 na hati mkononi. Kuanzia siku ya 91 hadi 180, bei ikiwa imefika mara mbili, inadaiwa tathmini ya pili. Kwa hiyo nyumba iliyouzwa asubuhi na mchana haimfikii mama mwenye watoto watatu na malipo kidogo ya mwanzo. Inakwenda kwa mwenye keshi, naye anaipangisha.

Nyumba zilizochukuliwa na Fannie Mae, lile shirika kubwa la mikopo ya nyumba, siku 30 za mwanzo wanapewa wanaonunua ili wakae wenyewe. LLC hailali wala haipiki, basi isubiri foleni. Hapo nawaunga mkono kabisa.

Mchangiaji wa tatu

Mimi ni jirani tu. Nyumba ya pembeni yangu ilikuwa ya benki, karatasi imebandikwa dirishani, kisanduku cha ufunguo kinaning'inia mlangoni. Kila Jumamosi wanakuja vijana wapya, wanapiga picha jiko, wanapima sebule kwa miguu, wanaondoka. Nikamuuliza mmoja, "Ndiyo mnahamia?" Akanijibu ana mkataba anatafuta mnunuzi. Hakumpata. Akaacha arubuni yake ya $1,000 ikaliwa, nyumba ikarudi sokoni upya. Ilikaa tupu miezi mitano, majani magotini, paka wakazalia gereji. Aliyeikata ile nyasi ni mume wangu, na hana LLC.

Mleta mada

Nashukuruni. Mchangiaji wa kwanza kanigeuza nusu: kwa benki, sawa, walisaini wanachokijua, neno uongo nalirudisha. Ila huyu dada wa mwisho kanionyesha nilikuwa nauliza swali la pembeni. Asiyeweza kulipa anazuia nyumba kwa $1,000, awe kwa jina lake au la kampuni, na anayesubiri ni mtaa mzima. Ningekuwa mimi benki, nisingehangaika na nani mwenye LLC. Ningetaka barua inayothibitisha fedha zipo kabla ya kusaini, na arubuni inayouma.

Nimempigia shemeji usiku huu. Nikamuuliza, "Shem, mteja asipopatikana, hiyo $90,000 unayo?" Akacheka sana, akasema mimi sijui biashara.

Kufunga ni Ijumaa. Mteja bado.