Lightning, Cybertruck, R1T au Silverado: pikapu ya umeme ni ya kazi au ya kuringia?

Mleta mada (Columbus, Ohio)

Wakuu, salaam. Nina miaka tisa huku Ohio, kazi yangu ni rangi na jipsamu: nabomoa kuta za watu, najenga upya, napaka. Pikapu yangu ya petroli imefika maili 214,000 na giaboksi inalalamika kila asubuhi. Nataka kuhamia umeme. Mke wangu anasema nimerogwa. Shemeji yangu, ambaye hajawahi kumiliki pikapu ya aina yoyote, ndiye anayenishauri kwa nguvu kuliko wote.

Hesabu yangu ni hii. Kwa siku natembea maili 60, hazizidi 70. Mara mbili kwa mwezi navuta tela la zana mpaka Indianapolis, maili 175 kwa barabara ya I-70, kuna jamaa ananipa kazi huko. Nina gereji, kwa hiyo chaja nitafunga ukutani. Umeme nalipa kama senti 16 kwa uniti. Pikapu hizi kubwa huenda maili mbili hivi kwa uniti moja, kwa hiyo siku yangu ya kawaida ni uniti 30, yaani dola 5. Hii ya petroli inakunywa galoni 3 kwa mzunguko huo huo.

Sasa ipi? Rivian R1T ndiyo iliyotangulia wote kufika kwa wateja, Septemba 2021, na ni gari tamu kuendesha, ila bodi yake (sehemu ya mizigo nyuma) ni futi 4 na nusu. Jipsamu ni futi 8. Nusu ya karatasi itaning'inia nje kama ulimi wa mbwa. Silverado EV ya Chevrolet, ile ya kazi, toleo la 2025 lenye betri kubwa, ilipewa maili 492 kwa chaji moja. Maili hizo zinatokana na betri ya zaidi ya uniti 200, na gari zima lina karibu tani 4. Cybertruck ya Tesla bodi yake ni futi 6, bei yake sitaki hata kuitamka. Ford F-150 Lightning ni futi 5 na nusu, na ile yenye Pro Power kamili inatoa kilowati 9.6 za umeme kwenye plagi za gari lenyewe. Mimi naielekea hiyo, iliyotumika, yenye betri ya uniti 131 na maili 320.

Kinachonitia wasiwasi ni kwamba Desemba 2025 Ford wametangaza kuacha kutengeneza Lightning ya umeme mtupu. Ijayo itakuwa na injini ndogo ya kuzalisha umeme humo humo garini. Ram nao Septemba walishaifuta pikapu yao ya umeme kabla haijatoka kiwandani. Na ile nafuu ya kodi ya dola 7,500 kwa gari jipya, na dola 4,000 kwa lililotumika, iliishia Septemba 30, 2025. Je, ninapanda meli ambayo manahodha wanashuka? Tusemezane bila matusi.

Dereva wa malori (Dallas)

Kijana, umejijibu mwenyewe na hujasikia. Umesema tela.

Maili 320 ni za gari tupu, dereva mmoja, hali ya hewa nzuri. Funga tela la boksi nyuma na uhesabu nusu. Siyo uzito tu unaokula betri, ni ule ukuta wa tela unaosukumana na upepo kwa maili 65 kwa saa. Gari la dizeli nalo linalia likivuta, lakini nikiishiwa najaza kwa dakika tano nasonga. Nimevuta mizigo miaka 22, sijaona mtu anayefanya kazi ya kuvuta akachagua umeme kwa hiari yake. Hao Ford na Ram wana wahasibu wengi kuliko ukoo wako na wangu. Wameona hesabu, wamekimbia.

Mleta mada

Mzee wangu, shikamoo. Kuhusu tela sikubishii, maana lilinikuta.

Februari jamaa yangu wa kanisani aliniazima pikapu yake ya umeme (ya kampuni gani siitaji, gari si langu). Kioo kinaniambia maili 290. Nikafunga tela langu la boksi, futi 12, ndani kuna mashine ya kupulizia rangi, ngazi tatu na ndoo zaidi ya kumi. Nje ni nyuzi chini ya sifuri. Napita Dayton, nimetembea maili 70, kioo kimeshuka mpaka 150. Yaani mimi natembea moja, yeye anakata mbili.

Nikaingia kuchaji Richmond, Indiana. Chaja zote zimepangwa zikielekea ukutani kama vibanda vya soko. Gari linaingia kwa pua, tela linabaki limeziba njia ya watu wote. Ikabidi nilifungue, nilisukume mpaka kona ya maegesho, niweke jiwe kwenye tairi, nirudi kuchaji dakika 45. Kulifunga tena nilirudi kinyumenyume mara nne. Vidole havisikii kitu, na kuna bibi mmoja mzungu kwenye gari lake ananiangalia kama anaangalia tamthilia.

Ila sikia upande wa pili. Nyumba niliyokuwa naenda kuifanyia kazi ilikuwa imekatwa umeme. Siku zote huwa nakodi jenereta. Siku ile nilivuta waya kutoka nyuma ya pikapu: mashine ya rangi, msumeno, taa mbili, hata birika la chai. Siku nzima. Jirani akaja kuuliza jenereta nimelificha wapi, mbona hasikii kelele. Ndipo nilipoanza kurogwa, kama anavyosema mke wangu.

Dada wa Minneapolis

Baridi ya Ohio ni utani, njooni huku. Mimi ni mama wa kupika, napeleka chakula kwenye harusi na misiba, na nina pikapu ya umeme msimu wa tatu huu. Januari hesabu theluthi moja ya maili imekwenda, siku mbaya hata zaidi ya hapo. Dawa ni kulipasha gari joto likiwa bado limechomekwa ukutani, ili joto la kwanza litoke kwa kampuni ya umeme na siyo kwenye betri yako. Na usipashe hewa ya ndani yote, washa kiti na usukani tu. Nilichukua wiki mbili kuzoea, sasa sifikirii.

Jambo ambalo kaka umelipita haraka ni gereji. Hilo ndilo la kwanza, mengine yote yanafuata. Wenzetu wengi wanakaa apatimenti. Mtu wa apatimenti akichaji njiani kwa senti 50 au 60 kwa uniti, zile uniti 30 zako zinakuwa dola 15 na kuendelea. Hapo petroli ni rahisi kuliko umeme, na muda umeupoteza vilevile. Nimeona watu wawili wamenunua kwa kuwaiga wenye nyumba, wakauza kabla mwaka haujaisha.

Mdau wa Houston

Naona Cybertruck mmeipitia juu juu kwa chuki. Ninayo. Chuma cha pua, hakuna rangi ya kuchubuka, bodi ya futi 6 yenye kifuniko cha umeme kinachofungika, inavuta pauni 11,000. Plagi zake zinatoa kilowati 9.6 sawa na za Ford, na ikilisha nyumba inafika 11.5. Mambo ya mwenye kampuni na siasa zake mimi hayanihusu, sikumuoa.

Fundi (Columbus)

Mkuu wa Houston, hakuna chuki, kuna kumbukumbu. Novemba 2019 waliahidi dola 39,900, na toleo la juu maili 500. Walipokabidhi za kwanza Novemba 30, 2023, yenye mota mbili ilikuwa dola 79,990 na maili 340. Machi 2025 wakaziita zaidi ya 46,000 zirudi kutengenezwa kwa sababu kipande cha chuma cha pembeni ya paa kilikuwa kimegandishwa kwa gundi na kinaweza kubanduka barabarani. Kwa gundi, mkuu! Mimi nafunga makabati ya jikoni, na hata kabati siliamini kwa gundi peke yake.

Mdau wa Houston

Yangu walitengeneza bure, siku moja. Na Ford je? Mei 2021 walisema inaanzia dola 39,974. Machi 2023 ya bei ya chini kabisa ilikuwa imefika 59,974, ndipo Julai wakashuka mpaka 49,995. Wote walituahidi ndege wakatuletea kuku.

Fundi (Columbus)

Hapo nakukubali.

Mwananchi wa Dar

Samahanini nawaingilia, ninyi mnaongelea Indianapolis, mimi nipo Mbagala. Zikishuka bei huko, mtu akinunua Lightning akaipakia mpaka bandari ya Dar, inalipa? Maana bwawa la Nyerere limekamilika, megawati 2,115, na mafuta huku ndiyo hayo.

Mleta mada

Ndugu yangu, umeme wa bwawa hautakusaidia mpaka utatue soketi. Soketi ya kawaida ya nyumbani ikupe kilowati 2.5 hivi. Betri ya uniti 131 ikiwa tupu, gawanya mwenyewe: zaidi ya siku mbili mchana na usiku imechomekwa. Usukani uko kushoto. Tundu la chaji ni la Kimarekani. Na siku moduli ikifa, spea utaagiza kutoka huku, ikifika umeshasahau ulikuwa na gari.

Dereva wa watalii (Arusha)

Naongezea kwa huyo wa Mbagala. Gari la umeme la kazi siyo geni kwetu. Hapa Arusha kuna Land Cruiser za utalii zilizong'olewa injini ya dizeli zikawekwa mota na betri, na zinaingia hifadhini. Inafaa kwa sababu mwendo ni wa polepole, unajua utalala kambi gani, na mgeni anapiga picha bila mtetemo. Tembo hageuki hata kukutazama.

Mtu wa nyumbani anayetaka pikapu aziangalie za usukani wa kulia. Isuzu wana D-Max ya umeme inayotoka Thailand, betri karibu uniti 67, inavuta tani 3.5 kama ya dizeli, ila mwendo wake kwa chaji moja ni mfupi: kilomita 263 kwa kipimo cha Ulaya. Toyota nao wana Hilux mpya ya umeme, betri ya uniti 59, inabeba kilo 715 na kuvuta tani 1.6 tu. Mimi kati ya hizo mbili naona Isuzu ndiyo walioelewa pikapu ni nini. Hilux ya kuvuta tani moja na nusu ni ya meneja wa mgodi kuzungukia geti. Lakini zote mbili ni za kurudi kulala pale pale ulipotoka. Ukiniambia Arusha mpaka Mwanza nitakucheka.

Dereva wa malori (Dallas)

Mnaona? Hata Arusha wanasema yale yale. Gari la kurudi kulala pale pale. Kijana, baki na petroli, tengeneza giaboksi, subiri hiyo mpya ya Ford yenye injini ya kuchaji, wenyewe wanasema itazidi maili 700. Au kaa na la zamani uvutie tela, na ununue kigari kidogo cha umeme kwa hizo maili 60.

Dada wa Minneapolis

Mzee, magari mawili ni bima mbili. Kaka, nikuulize. Hilo tela, lazima lisafiri? Kazi za Indianapolis ni za jamaa yule yule kila mara. Kwa nini tela lisikae kwake, uende na pikapu tupu yenye zana za mkononi tu? Mimi masufuria yangu makubwa yanalala kwenye ukumbi wa Saint Paul, siyabebi kila Jumamosi.

Mleta mada

Dada, nimeisoma hiyo mara tatu nikacheka peke yangu. Miaka minne nalivuta tela lile lile kwenda na kurudi, halafu ninapolifikisha nyumbani linakaa nje halifanyi kitu, maana kazi za Columbus zana nyingi zinaingia kwenye bodi.

Nimempigia jamaa wa Indianapolis. Ana uwanja nyuma ya nyumba, anataka nimpakie rangi chumba kimoja kwa mwaka kama kodi ya maegesho. Tumekubaliana. Bila tela, maili 175 hata kwa baridi nafika kwa chaji moja, nachomeka kwake usiku.

Mzee wa Dallas, la kusubiri nimelifikiria. Lakini giaboksi haisubiri, na hao waliokimbia ndio wamefanya zilizotumika zishuke bei. Betri ya Lightning ina dhamana ya miaka 8 au maili 100,000, ninayoiangalia ni ya 2023 na ina maili 41,000. Jumamosi naenda na fundi kuitazama. Ataichomeka kwenye chaja ya kasi tuone inapokea kilowati ngapi, na tutaipeleka barabara kuu nusu saa bila redio.

Tatizo moja limebaki. Nimepima gereji jana usiku kwa futi kamba. Gari ni futi 19 na inchi 5. Gereji ni futi 20, na kwenye ukuta wa ndani kuna friza la mama watoto, limejaa mbuzi mzima na samaki wa Pasaka. Bado sijamwambia.